Kamera Mikononi mwa Nani? Historia ya Filamu za Uchumi na Makampuni Makubwa

Utangulizi

Kila tabaka linalotawala uchumi hulazimika pia kuueleza uchumi huo kwa wale linaowatawala. Mkulima anayeuza pamba kwa bei asiyoipanga yeye, na mfanyakazi anayelipwa mshahara usiotosha kulisha watoto wake, wote wawili watauliza siku moja: kwa nini? Swali hilo ni la hatari kwa mnyonyaji. Kwa hiyo mnyonyaji hulijibu mapema, kabla halijaulizwa kwa sauti. Amelijibu shuleni, amelijibu magazetini, na tangu miaka ya 1920 na 1930 amelijibu pia kwa filamu.

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza historia ya filamu za hali halisi zinazohusu uchumi, biashara ya dunia na nguvu za makampuni makubwa. Tunaposema filamu za hali halisi tuna maana ya filamu zinazoonyesha watu wa kweli, mahali pa kweli na kazi ya kweli, tofauti na michezo ya kubuni. Hatuzizungumzii kama burudani. Tunazizungumzia kama chombo cha mapambano, chombo ambacho kimepita katika mikono mingi na ambacho hadi leo kinagombaniwa.

Hoja yetu ni hii. Filamu ina uwezo mkubwa wa kuonyesha jeraha la mnyonge, lakini jeraha peke yake halifundishi. Filamu ya uchumi hufundisha inapoonyesha pia mkono ulioshika kisu, yaani utaratibu wenyewe wa unyonyaji. Na hufundisha zaidi inapomwonyesha aliyejeruhiwa kuwa ni mtu awezaye kusimama na kutenda. Kwa kipimo hicho tutazipima filamu za mkoloni, filamu za makampuni, na hata filamu za wale wanaojitangaza kuwa marafiki zetu.

Filamu ya Mwenye Mali

Filamu za uchumi zilizotengenezwa kwa mpango maalumu ziligharimiwa, tangu mwanzo wake, na dola za kibeberu na makampuni. Mwaka 1926 Uingereza iliunda bodi ya kutangaza mazao ya makoloni yake, ili Waingereza wanunue zaidi chai, kakao na matunda ya himaya. Chini ya bodi hiyo John Grierson alikusanya kundi la watengenezaji filamu vijana, na bodi ilipovunjwa mwaka 1933 kundi hilo likahamia katika Idara ya Posta ya Uingereza. Mwaka 1934 mmoja wao, Basil Wright, alitoa filamu iitwayo Song of Ceylon, iliyogharimiwa na bodi ya kutangaza chai ya kisiwa hicho. Ni filamu yenye picha za kupendeza sana. Wachumaji wa chai wanaonekana, na sauti za wafanyabiashara zinasikika zikitaja bei za soko. Lakini mchumaji mwenyewe haulizwi analipwa kiasi gani, wala haulizwi kama amekula.

Mwaka huohuo wa 1934 kampuni ya mafuta ya Shell ilianzisha kitengo chake cha filamu. Mwaka 1948 kampuni nyingine ya mafuta, Standard Oil, iligharimia filamu ya Robert Flaherty iitwayo Louisiana Story. Ingawa ndani yake mna hadithi ya kubuni, ilipigwa kwa mtindo wa hali halisi na watu wa mahali hapo. Mtambo wa kuchimba mafuta unaingia katika vinamasi vya kusini mwa Marekani, unafanya kazi yake, kisha unaondoka ukiacha maji na ndege kama ilivyowakuta. Jina la kampuni halitajwi katika filamu. Huo ndio ufundi wa propaganda ya mwenye mali: humfanya mtazamaji aamini kwamba hakuna aliyesema naye.

Hapa kwetu Tanganyika chombo hiki kiliingia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya mwaka 1935 na 1937 uliendeshwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa majaribio ya kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo. Mradi huo ulizaliwa kutokana na uchunguzi uliofanywa na wamisionari juu ya maisha ya wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Fedha zake nyingi zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani, uliojengwa kwa utajiri wa chuma cha pua, na makampuni ya migodi ya shaba nayo yalichangia. Zilitengenezwa filamu fupi zipatazo 35, zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland.

Filamu hizo zilifundisha nini? Nyingi zilihusu kilimo na afya, na hatukatai kwamba mafunzo ya kuzuia safura na malaria yalikuwa na manufaa. Lakini tuzitazame zile zilizogusa uchumi. Moja ilihusu akiba ya posta: wafanyakazi wawili wanalipwa mshahara, mmoja anaufukia ardhini ukaibwa, mwingine anauweka posta ukasalimika. Nyingine ilieleza kodi na faida zake. Swali la mshahara wenyewe, kwamba ni mdogo kwa nini na nani aliyeupanga, halikuwa na filamu. Swali la kodi ya kichwa iliyomlazimisha mkulima kwenda kutafuta kibarua katika shamba la katani halikuwa na filamu pia. Mwafrika alielezwa umaskini wake kuwa ni matokeo ya uzembe na ujinga wake mwenyewe, na dawa yake ni kuwa mwangalifu na mtiifu.

Mwaka 1939, vita vilipoanza, serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni chini ya William Sellers. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida, hivyo apigiwe picha za taratibu, zisizo na mambo mengi kwa wakati mmoja. Tuangalie mantiki iliyomo. Mtu anayedhaniwa kwamba hawezi kufuata picha mbili kwa pamoja, atawezaje kuonyeshwa kwamba bei ya katani yake hupangwa London? Dharau ile ilikuwa sehemu ya utaratibu wa kumficha mtawaliwa mambo yanayomhusu.

Kupokonywa kwa Chombo

Hata hivyo, chombo kilichobuniwa na mnyonyaji kinaweza kugeuzwa. Mfano ulio wazi ni wa Mholanzi Joris Ivens. Mwaka 1931 alitengeneza filamu ya kiwanda cha redio kwa malipo ya kampuni ya Philips. Mwaka 1933 Ivens huyohuyo alikwenda na Mbelgiji Henri Storck katika wilaya ya Borinage, ambako wachimba makaa wa Ubelgiji walikuwa wamegoma mwaka 1932 na baadaye wengi wakafukuzwa kazi na kutolewa katika nyumba zao. Filamu yao inaonyesha malundo ya makaa ya mawe yasiyopata mnunuzi, na kando yake familia za wachimbaji zisizokuwa na makaa ya kupikia wala kuotea moto. Hapo jeraha na kisu vinaonekana pamoja. Mtazamaji hahitaji kuelezwa kwamba tatizo si upungufu wa mali. Analiona kwa macho yake kuwa ni umilikaji wa mali.

Mwaka 1946 Ivens alitoa Indonesia Calling. Alikuwa ameajiriwa na serikali ya kikoloni ya Uholanzi kuwa kamishna wa filamu, akajiuzulu, kisha akapiga picha za mabaharia na makuli wa bandari za Australia waliokataa kuhudumia meli za Kiholanzi zilizokuwa zikipeleka silaha na askari kuitawala tena Indonesia. Hii ni hatua kubwa zaidi ya ile ya Borinage, kwa sababu wafanyakazi wanaonekana wakitenda, na kitendo chao kinazuia meli.

Mwaka 1968, huko Argentina, Fernando Solanas na Octavio Getino walitoa filamu ya zaidi ya saa nne juu ya ukoloni mamboleo katika nchi yao, La hora de los hornos. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, hivyo ilionyeshwa kwa siri katika nyumba za watu na kumbi za wafanyakazi. Jambo la kuzingatia ni jinsi ilivyoonyeshwa: ilisimamishwa katikati, kwa makusudi ya watengenezaji wake, ili waliokuwapo wajadiliane kabla ya kuendelea. Tutarudi katika jambo hilo mwishoni, kwa sababu lina somo kwa makada.

Hapa Tanganyika, mapema miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliipa kampuni ya Afrika Kusini kazi ya kutengeneza filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Hizi zilikuwa za kubuni, lakini lengo lake lilikuwa lilelile la Vugiri, yaani kumfundisha mtu wa shamba asiende kuhangaika mjini. Mchezaji wake mashuhuri alikuwa kijana mfanyakazi wa serikali aitwaye Rashidi Kawawa. Mwaka 1955 kijana huyo akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika. Yule ambaye mkoloni alimweka mbele ya kamera aonye watu juu ya mji, ndiye aliyewaunganisha wafanyakazi wa mji huo. Filamu haikumfunga, kilichomwongoza ni umoja wa wafanyakazi.

Baada ya uhuru, Tanzania ililitambua suala la umilikaji. Shirika la Filamu la Tanzania liliundwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, na mwaka 1974 ikaanzishwa Taasisi ya Picha na Sauti kwa msaada wa Denmark. Lakini filamu ni kazi ya gharama. Mikanda, mitambo na madawa ya kusafishia picha vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilipatikana kwa kuuza kahawa, pamba na katani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bei ya mazao ilipoanguka na bei ya mafuta ilipopanda, uwezo wa kujieleza wenyewe kwa filamu nao ulidhoofika. Hivyo ilipofika zamu ya kueleza madeni na utandawazi, kamera nyingi zilikuwa tena mikononi mwa watu wa mbali.

Filamu ya Deni

Kati ya filamu zilizotoka katika wimbi la utandawazi, tunaitaja kwanza Life and Debt ya mwaka 2001, iliyotengenezwa na Mmarekani Stephanie Black kuhusu Jamaika. Maneno ya msimulizi wake yalitokana na maandishi ya Jamaica Kincaid, mwandishi wa kisiwa cha Antigua. Ndani yake Michael Manley, aliyekuwa Waziri Mkuu, anaeleza jinsi nchi yake ilivyolazimika kutia saini mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1977, baada ya kukosa mahali pengine pa kukopa.

Ubora wa filamu hii ni kwamba inafuata utaratibu hatua kwa hatua. Inaonyesha masharti ya mkopo: kupunguza thamani ya fedha, kupandisha riba, kuondoa vizuizi vya bidhaa za nje. Kisha inamwonyesha mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Maziwa ya unga yaliyopewa ruzuku na serikali za nchi tajiri yanaingia kwa bei ya chini, na mfugaji analazimika kumwaga maziwa yake. Inawaonyesha wafanyakazi wa kike wakishona nguo katika eneo huru la bandari ya Kingston, mahali ambapo vyama vya wafanyakazi havina nafasi. Inawaonyesha wakulima wa ndizi, ambao soko lao la Ulaya lilishambuliwa na Marekani katika Shirika la Biashara la Dunia kwa niaba ya makampuni makubwa kama Chiquita. Mtazamaji akitoka hapo anaweza kueleza jinsi sharti lililoandikwa Washington linavyofika katika zizi la ng'ombe.

Kwa Mtanzania filamu hiyo ni kama kioo. Mwaka 1979 ujumbe wa Shirika hilohilo ulikuja Dar es Salaam na masharti ya namna hiyohiyo, ukaondoka bila mapatano. Mwanzoni mwa mwaka 1980 Mwalimu Nyerere, akizungumza na mabalozi, aliuliza tangu lini Shirika hilo limekuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima. Manley alishindwa katika uchaguzi wa mwaka huo wa 1980. Tanzania iliendelea kupinga hadi mwaka 1986, ilipotia saini. Baadaye Manley alikuwa mjumbe wa Tume ya Kusini, ambayo Mwalimu aliiongoza kuanzia mwaka 1987 hadi 1990. Historia hizi mbili ni za mapambano mamoja, na kada anayeitazama filamu ya Jamaika anatazama sura ya historia ya nchi yake.

Kampuni na Sheria

Filamu ya Kanada iitwayo The Corporation, ya mwaka 2003, iliyotengenezwa na Mark Achbar, Jennifer Abbott na Joel Bakan, inauliza swali la sheria. Katika sheria ya Marekani kampuni ilipata kutambuliwa kuwa ni mtu, na mara nyingi hutajwa kesi ya reli ya mwaka 1886. Filamu inasema: basi kama kampuni ni mtu, tumchunguze tabia yake. Inachukua orodha ya dalili zinazotumiwa na madaktari wa akili na kuhitimisha kwamba mtu huyo ni mgonjwa asiyejali madhara anayowafanyia wengine.

Mfano huo unachekesha na kukumbukwa, lakini kinadharia una upungufu. Mgonjwa hutafutiwa tiba, na mtazamaji anaweza kudhani kwamba panahitajika tu mameneja wenye huruma. Ukweli ni kwamba kampuni inayotafuta faida kubwa kuliko zote inatii kanuni ya kawaida ya ubepari, na isipoitii itamezwa na nyingine. Filamu yenyewe inaikaribia hoja hii inapokwenda Cochabamba, Bolivia. Huko, mwaka 2000, wananchi walipinga kukabidhiwa kwa maji yao kwa ushirika wa makampuni ambamo Bechtel ya Marekani ilikuwa na hisa, na serikali ikalazimika kuvunja mkataba.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalielewa jambo hilo. Agosti 2003 huduma ya maji ya jiji ilikabidhiwa kwa kampuni ya City Water, ambamo Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani zilikuwa wabia wakuu. Ubinafsishaji huo ulikuwa mojawapo ya masharti yaliyoambatana na msamaha wa madeni. Mei 2005 serikali ilivunja mkataba kwa sababu kampuni haikutimiza wajibu wake. Kesi ikaenda mbele ya baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia, na mwaka 2008 baraza likaamua kwamba, ingawa Tanzania ilikiuka baadhi ya wajibu wake katika namna ya kuuvunja mkataba, kampuni haikustahili kulipwa fidia yoyote.

Katika miaka hiyohiyo fedha za msaada wa Uingereza zililipia kampeni ya kuwatangazia Watanzania mema ya ubinafsishaji, na katika kampeni hiyo mlikuwamo wimbo na picha za video. Mkabala na filamu za kodi za Vugiri, tunaona kwamba mbinu ni ileile baada ya miaka zaidi ya 60: sera imekwisha kuamuliwa mahali pengine, na kinachobaki ni kumfanya mwananchi aipokee kwa furaha.

Sangara wa Ziwa Victoria

Sasa tunafikia filamu iliyotuhusu moja kwa moja. Darwin's Nightmare ilitolewa mwaka 2004 na Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, na ilipigwa Mwanza na kando za Ziwa. Ilipata tuzo Ulaya, na mwaka 2006 ikawa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Inasimulia habari za sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 wakati wa ukoloni, akaongezeka kwa wingi katika miaka ya 1980 na kuwala furu wa aina nyingi hata aina nyingi zikatoweka. Minofu inapakiwa katika ndege kubwa kwenda Ulaya. Wananchi wanakausha na kukaanga mapanki. Watoto wa mitaani wanagombania chakula. Filamu inadokeza kwamba ndege zinazokuja kuchukua minofu hubeba silaha za vita vya Afrika.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Filamu hiyo iliuliza swali la kweli: inakuwaje mahali panapotoa chakula kingi hivyo pawe na watu wenye njaa? Lakini kwa kipimo tulichokiweka, ina kasoro kubwa. Inalundika picha za jeraha moja juu ya nyingine, mapanki yenye funza, ukahaba, ukimwi, watoto wakivuta gundi, mpaka Mwanza yote inaonekana kuwa jalala. Utaratibu wa unyonyaji katika uvuvi wenyewe hauelezwi ipasavyo. Mvuvi asiye na nyavu wala injini hukopeshwa na wakala; kwa sababu ya deni hilo hulazimika kumuuzia wakala huyohuyo; wakala humuuzia mwenye kiwanda; na mwenye kiwanda naye hutegemea mnunuzi wa Ulaya, ambaye anaweza kufunga mlango siku yoyote. Mlango huo ulifungwa kweli kuanzia mwishoni mwa mwaka 1997, kwa hoja ya kipindupindu, na tena mwaka 1999, kwa hoja ya samaki waliovuliwa kwa sumu, na ziwa zima likatikisika. Mlolongo huo wa deni na bei ndio kisu. Dokezo la silaha lilikuwa na mvuto zaidi kwa watazamaji wa Ulaya, lakini lilimwondoa mtazamaji katika jambo linalotokea kila siku mwaloni, mchana kweupe na kwa mujibu wa sheria.

Tena, mwananchi wa Mwanza katika filamu hiyo ni mtu wa kuhurumiwa zaidi kuliko wa kusikilizwa. Chama cha ushirika cha wavuvi hakina nafasi katika simulizi lake, wala mgogoro wa mfanyakazi wa kiwanda na mwajiri wake.

Je, sisi tuliijibu vipi? Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu filamu hiyo hadharani kwamba inaipaka nchi matope, na Agosti mwaka huo yakafanyika maandamano Mwanza. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliyeituhumu kwa uongo alishtakiwa na Sauper, na mwaka 2008 mahakama ikampa ushindi Sauper. Hasira ya Watanzania ilikuwa na sababu, kwa kuwa hakuna taifa lipendalo kuonyeshwa duniani kama jalala. Lakini hasira iliijibu picha tu. Haikulijibu swali la nani anapanga bei ya sangara. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Jibu lililotakiwa kutoka kwetu lilikuwa uchambuzi bora kuliko wa Sauper: kueleza mlolongo mzima kutoka mtumbwini hadi katika duka la Ulaya, kuonyesha mvuvi anapata nini na kila anayemfuata anapata nini, na kuonyesha hatua za kuubadili mlolongo huo. Aliyekemea bila kueleza alimwachia mgeni kazi ya kueleza.

Mkulima na Mfanyakazi Wanaotenda

Kwamba inawezekana kufanya vizuri zaidi kunathibitishwa na filamu nyingine mbili. Ya kwanza ni Black Gold ya mwaka 2006, ya ndugu wawili Waingereza, Marc na Nick Francis, kuhusu kahawa ya Ethiopia. Msingi wake ni mporomoko wa bei uliofuata kuvunjika kwa mgawo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa mwaka 1989. Anayeongoza simulizi ni Tadesse Meskela, meneja wa chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Oromia. Anawaeleza wakulima bei ya kikombe kimoja cha kahawa huko Ulaya, nao wanalinganisha na wanacholipwa kwa kilo. Anasafiri kutafuta wanunuzi bila kupitia madalali. Umaskini unaonekana, lakini unaonekana kupitia macho ya mtu anayepambana nao akiwa na chombo mkononi, na chombo hicho ni ushirika. Katika miaka hiyo Ethiopia ilikuwa ikidai haki ya majina ya kahawa zake, kama Sidamo na Harar, na mwaka 2007 ikafikia mapatano na Starbucks. Filamu haikuleta mapatano hayo peke yake, lakini iliingia mahali palipokuwa tayari na umoja wa wakulima na serikali yenye dai.

Sisi tulio na historia ya chama cha wakulima wa Kilimanjaro cha mwaka 1925, kilichofuatiwa na KNCU mwaka 1933, tunalijua jambo hilo. Tunajua pia hasara iliyopatikana vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, hata ikabidi sheria ya mwaka 1982 ivirudishe.

Ya pili ni ya kwetu wenyewe. Mwaka 1992 Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania, alitoa These Hands, kuhusu wanawake, wakimbizi kutoka Msumbiji, wanaoponda kokoto kwa mikono katika machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam. Karibu hakuna maneno ya msimulizi. Nyundo inapiga jiwe, mtoto analia, nyundo inaendelea. Filamu haimwombi mtazamaji sadaka. Inamtaka autambue uzito wa kazi, na atambue kwamba majengo ya jiji yamejengwa juu ya kazi hiyo. Mtengenezaji aliyeketi karibu na wanawake hao, anayejua kokoto zinakwenda wapi, hakuwa na haja ya kuwageuza kuwa kioja.

Hitimisho: Kazi ya Kada

Historia tuliyoipitia inatuonyesha mambo matatu. Kwanza, hakuna filamu ya uchumi isiyo na upande. Hata ile inayoonyesha ndege na maji matulivu ina aliyeilipia. Pili, nia njema ya mtengenezaji haitoshi. Filamu yenye huruma inaweza kuendeleza dharau ya Sellers kwa njia nyingine, kwa kumwonyesha Mwafrika kuwa ni mwili unaoteseka usio na fikra wala jumuiya. Tatu, filamu huwa na nguvu inapokutana na watu waliokwisha jiunga, kama wakulima wa Oromia na makuli wa Australia.

Kwa hiyo kada au mwanafunzi anayeongoza maonyesho ya filamu za namna hii hana budi kuwa na maswali tayari. Nani aliigharimia? Nani anasema, na nani anasemewa? Inaonyesha jeraha tu, au inaonyesha pia bei, deni, mkataba na mwenye hisa? Mnyonge ndani yake anatenda nini? Na baada ya kuitazama, sisi tulioketi hapa tunaweza kufanya nini tukiwa pamoja? Tufuate mfano wa Argentina: tuisimamishe filamu katikati, taa ziwashwe, watu wajadiliane. Mvuvi aliyepo ukumbini aulizwe kama mambo ndivyo yalivyo. Pengine atajua zaidi ya mtengenezaji.

Leo kikwazo cha gharama kimepungua. Kijana mwenye simu ya mkononi anaweza kupiga picha zilizohitaji lori zima huko Vugiri. Anaweza kurekodi mzani wa korosho ghalani, daftari la madeni ya mvuvi mwaloni, au masharti ya mkataba wa mchimbaji mdogo. Kilicho adimu ni uchambuzi unaounganisha mzani huo na soko la dunia. Uchambuzi huo hauuzwi dukani wala hauletwi na mgeni. Hatuna budi kuujenga sisi wenyewe, katika madarasa yetu, matawi yetu na vyama vyetu vya ushirika, ili mwingine atakapokuja na kamera yake kutuuliza kwa nini panapovuliwa samaki pana njaa, atukute tumekwisha lijibu swali hilo kwa maneno, kwa picha, na kwa vitendo.